Lenzi si dagaa: acheni kuanika fangasi juani

Jamani naomba niliandike hili mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu. Mteja analeta lenzi ya kamera ya zamani, Takumar au Helios ya mzee wake, naipiga tochi, naona fangasi wametanda mpaka katikati, nauliza ilikuwa inakaa wapi, najibiwa "fundi hata mi nashangaa, maana nimeianika juani wiki nzima." Sasa ni nani huyu anayezunguka mjini kufundisha watu kuanika lenzi? Kila mtu kaambiwa na mtu, na huyo mtu hapatikani.

Inakotoka naelewa. Huku pwani jua ndo dawa ya kila kitu, godoro likinuka linatolewa nje, nguo ikishika koga inaanikwa, kwa hiyo mtu akiona lenzi nayo ina koga mkono unaenda wenyewe dirishani. Ila lenzi sio nguo bana.

Kwanza hiyo mionzi yenyewe. Ile UV (mionzi isiyoonekana kwa macho) kali ya kuua vijidudu, UVC, ya juani haifiki huku chini kabisa, inaishia huko juu kwenye ozoni. UVB inafika kidogo lakini kioo kinaizuia sehemu kubwa, na lenzi ya 50mm ya zamani ina vioo sita saba vimepangana, kwa hiyo fangasi aliyekaa kwenye kioo cha tatu anapata UVA, ile dhaifu zaidi, iliyochujwachujwa na joto, basi. Haya tuseme kafa kweli. Kafa, halafu? Maiti si bado ipo kwenye kioo! Nyuzi zake ziko palepale, mwanga ukipita bado unatawanyika, na ukipiga picha kuelekea dirishani bado inatoka na weupe weupe kama mwanzo. Fangasi anatolewa kwa kufungua lenzi na kufuta. Njia nyingine hakuna, sijui kwa nini hili linakuwa gumu kukubalika.

Na wakati unasubiri afe, yeye anaendelea na kazi yake. Anatoa asidi inayokula kotingi (ule utando mwembamba wa kupunguza mng'ao juu ya kioo) na baadaye kioo chenyewe, alama zikishaingia hazitoki hata ufute mpaka kesho. Ndo maana lenzi iliyoletwa mapema naisafisha inarudi kama haijawahi kuugua, na ile iliyoanikwa mwezi mzima kwa matumaini naisafisha vizuri kabisa halafu mwenyewe anaikagua taa ikimulika kwa pembeni, anaona mchoro wa mahali fangasi alipokuwa, ananiangalia mimi.

Madhara ya jua lenyewe sasa. Grisi ya zamani kwenye helikoidi (zile nyuzi za kuzungushia fokasi) ikipata moto inaachana, mafuta yanatoka yanatembea mpaka kwenye bledi za apacha, yale majani ya kupunguza na kuongeza mwanga. Vioo vilivyogundishwa kwa balsamu, ule utomvu wa mti wa Kanada waliokuwa wanatumia zamani, havipendi kuchemshwa, gundi inalainika. Halafu lenzi ni lenzi, inakusanya jua pahala pamoja, ukiiacha dirishani inaweza ikaunguza pazia au meza, na kama imefungwa kwenye kamera kama Zorki au FED ambayo shata yake (ule mlango wa kufungua na kufunga mwanga) ni kitambaa na hakuna kioo cha kugeuza mwanga mbele yake, inatoboa shata. Katundu kadogo tu, utakaona baadaye kama doa jeupe kwenye kila picha, uje useme filamu mbovu.

Sasa kuna jambo moja ambapo jua linasaidia kweli na nadhani hapo ndo maneno yalipochanganyika. Lenzi kadhaa za miaka ya 60 na 70, maarufu kuliko zote ikiwa ni Super-Takumar 50mm f/1.4 ile ya vioo saba, zilitengenezwa na kioo chenye thoriamu ndani yake. Thoriamu inatoa mionzi kidogo kidogo, na miaka ikienda hiyo mionzi inakigeuza kioo kuwa cha njano, wakati mwingine mpaka rangi ya chai ya rangi. Hiyo njano ukiipa UV ya jua au taa ya UV kwa siku kadhaa, nyingine wiki kadhaa, inafifia. Hiyo ni kweli, ila ni njano, sio fangasi! Na hata hapo taa ya UV ndo salama kuliko dirisha kwa hayo niliyosema ya kuunguza. Wale wanaoniuliza kama thoriamu itawaua, kupiga nayo picha hakuna shida, we usikisage wala kukichonga hicho kioo, na usilale nayo chini ya mto.

Kwa hiyo kinga ya fangasi ni nini? Kavu. Mbegu zake ziko kwenye hewa kila mahali, ndani ya lenzi yako mpya pia zimo, zinachosubiri ni unyevu tu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu wanaamka, na Dar, Tanga, Unguja, Mombasa wakati wa masika asubuhi unapita 80 kirahisi. Aliyeko Arusha au Nairobi anaweza akazembea kidogo, wewe wa pwani huwezi. Nunua haigromita, kipima unyevu, zile ndogo za bei rahisi zinatosha, weka lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, lenga 40 mpaka 50. Silika jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, irudishe kwenye oveni nyuzi 120 saa mbili hivi inarudi kazini, sio unaiweka 2019 unaisahau. Ukiwa na uwezo nunua kabati kavu la umeme uachane na habari za makopo.

Na ile pochi ya ngozi iliyokuja na lenzi, ile nzuri inayonukia zamani, itupe. Najua inauma. Ngozi inashika unyevu na fangasi anaila, umemjengea nyumba ukamwekea na chakula. Ukitoka chumba cha AC kwenda nje nako, weka lenzi kwenye mfuko uliofungwa kwanza ipate joto taratibu, la sivyo jasho linaingia ndani.

Kufuta kwenyewe sio uchawi. Mulika tochi kutokea nyuma ujue unachopambana nacho: nyuzi nyuzi zinazotokea ukingoni kuja katikati ni fangasi, ukungu uliosambaa sawasawa mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya grisi, na ukiona pembeni panang'aa rangi rangi za upinde wa mvua hapo gundi ya balsamu imeachia, hiyo usiiguse nyumbani. Fangasi akiwa katikati ya vioo viwili vilivyogundishwa pia acha. Hao wengine puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mkono, halafu alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, sio ile ya 70 ya duka la dawa ambayo iliyobaki ni maji na inaacha madoa, karatasi ya lenzi mpya kila mara, anzia katikati zungusha kwenda nje. Akigoma, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia nusu kwa nusu, kwenye kioo kilichotolewa nje ya lenzi tu, dirisha likiwa wazi, dakika moja mbili, suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kausha. Mwenye kujifunza aanze na Helios 44-2, zipo nyingi na zinafunguka bila ugomvi, asianze na lenzi ya urithi.

Mengine nitayapitia haraka maana nimeshachoka.

"Weka Jik." Hapana! Jik inakula aluminiamu, na ikikutana na amonia niliyotaja hapo juu inatoa gesi ya sumu. Visikae hata meza moja.

Kuna ile ya kwamba lenzi yenye fangasi itaambukiza zenzake zote, mtu anataka kuitupa. Nimeshasema mbegu ziko hewani tayari. Ziweke zote pakavu, yeye hawezi kitu. Ukitaka kuitenga mpaka isafishwe itenge, ila kuitupa ni hasara ya bure.

Dawa ya meno kwa mikwaruzo, huu ni ujinga wa kiwango cha juu samahani. Kotingi ya kawaida unene wake ni kama nanomita 100, hata elfu moja ya milimita haifiki, na dawa ya meno ni unga wa kusugua. Unachotoa ni kotingi yote ili kuondoa mkwaruzo ambao kwenye picha hauonekani. Mkwaruzo wa kioo cha mbele hauna neno, ukiwa mkubwa unaosumbua kwenye taa ujaze wino mweusi, mafundi wa zamani walikuwa wanafanya hivyo. Kioo cha nyuma ndo cha kukilinda.

Ndugu yake huyo ni anayesugua ile rangi ya zambarau au bluu akidhani ni uchafu. Hiyo ndo kotingi yenyewe kaka! Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, waliipatia hataza mwaka 1935, kazi ya Alexander Smakula, na zile za mwanzo zilikuwa laini sana. Na kabla ya hapo, Dennis Taylor kule Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 alishagundua kwamba lenzi kuukuu iliyofifia kwa uzee inapitisha mwanga mwingi kuliko mpya, kwa hiyo hata ule ubluu wa uzee kwenye lenzi isiyo na kotingi uache.

WD-40, ile ya kupuliza ya kulegeza vyuma, kwenye fokasi nzito au bledi zilizoganda. Inalegea siku hiyo, unafurahi, halafu mafuta yanatambaa kila kona. Bledi zinatakiwa kavu kabisa, zinasafishwa kwa nafta, ile petroli nyepesi ya viberiti vya kujaza. Kwenye Helios 44-2 unayozungusha apacha kwa mkono mafuta kidogo sio msiba, ila kwenye Takumar au Nikkor ambayo bledi zinafungwa na springi zikichelewa tu picha zinatoka nyeupe zimeungua. Fokasi nzito inataka grisi mpya, na ukifungua helikoidi weka alama kwa penseli pale inapoachia, maana nyuzi zake zinakubali kuingia sehemu kadhaa na zote zinazunguka vizuri tu, ila moja ndo inarudisha fokasi ya mbali.

Vumbi chembe mbili tatu ndani? Haionekani kwenye picha, usinilipe kwa hilo.

Na bisibisi. Lenzi za Kijapani nyingi zina skrubu za JIS, kipimo cha Kijapani, zinafanana na Phillips, ile ya nyota ya kawaida, kwa macho lakini Phillips haikai mpaka chini, inateleza inakula kichwa. Nunua JIS, na zile skrubu ndogo zenye vanishi weka tone la asetoni kwa ncha ya kijiti kwanza, mbali na plastiki na rangi ya maandishi, subiri kidogo, ndo ubonyeze na kuzungusha. Zinazoletwa kwangu zimeshatafunwa kwa kisu cha jikoni nazitoza bei nyingine.