Rufaa ya ulemavu SSA: ukiulizwa mgongo, usijibu kwa salamu

Malalamiko tunayoletewa siku hizi katika ofisi yetu ya msaada wa kisheria na watu walionyimwa malipo ya ulemavu na SSA, yaani idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani, yanafanana: "Jaji kanikatalia bila kunisikiliza." Kila kikao hurekodiwa sauti, na mwenye rufaa ana haki ya kupata nakala. Ninapoisikiliza, mara nyingi nakuta jaji alisikiliza vizuri tu. Tatizo ni alichoambiwa.

Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kukata nyama kiwandani aliulizwa mgongo wake unaendeleaje. Akajibu, "Sijambo kidogo, namshukuru Mungu." Mkalimani, kama kazi yake inavyomtaka, akatafsiri kilichosemwa: anaendelea nafuu. Swali lililofuata lilikuwa anaweza kusimama kwa muda gani. "Siwezi kusimama kabisa." Jaji alikuwa ametoka kumwona amesimama akila kiapo. Kwa hiyo ndani ya dakika moja rekodi ikawa na mgonjwa aliyepata nafuu, tena asiyeaminika. Ukweli wake ulikuwa mwingine: husimama kama dakika kumi, mguu wa kushoto unaingia ganzi, halafu hana budi kulala chali. Maneno hayo alinieleza mimi kwenye korido baada ya kikao.

Sisi tumelelewa kutomtwisha mgeni shida zetu. Ukiulizwa hali, unasema nzuri hata kama homa imekushika. Adabu hiyo ni njema, lakini jaji hajakusalimu. Anajaza pengo kwenye jalada. Mpe dakika, hatua, paundi za uzito unaobeba, mara ngapi kwa wiki. "Nikiosha vyombo nakaa chini mara mbili kabla sijamaliza" ni ushahidi. "Ninateseka sana" si ushahidi, hata ukilia.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoanguka kabla hata ya kufika kwa jaji. Ukikataliwa ombi la kwanza, unaomba uamuzi uangaliwe upya. Ukikataliwa tena, una siku 60 za kuomba kusikilizwa na jaji wa sheria za utawala. SSA huchukulia kwamba barua ilikufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, ila uwe na uthibitisho kwamba ilichelewa. Tunza bahasha. Baada ya hapo unasubiri, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi mingi. Notisi ya kikao hutumwa angalau siku 75 kabla ya tarehe. Lakini kabla ya kupanga tarehe, SSA hukutumia notisi nyingine inayoeleza njia za kuhudhuria kikao. Isome siku hiyo hiyo, kwa sababu saa inaanza kukimbia: kama hutaki kikao cha video na unataka kufika ana kwa ana, una siku 30 tangu upokee notisi hiyo ya awali kusema hivyo kwa maandishi. Usisubiri wiki ya mwisho ndipo useme simu yako haina kamera.

Ushahidi nao una mlango unaofungwa. Rekodi za hospitali ziwe zimewasilishwa, au angalau umemjulisha jaji kwa maandishi kwamba zipo na unazifuatilia, siku 5 za kazi kabla ya kikao. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, wala sikukuu ya kitaifa. Ukichelewa bila sababu inayokubalika, jaji anaweza kukataa kuzipokea. Nasisitiza kule kumjulisha: barua ya mistari mitatu inayotaja kliniki, tarehe za matibabu na kwamba rekodi zimeombwa inatosha kuuzuia mlango usifungwe. Watu hukaa kimya wakisubiri hospitali ijibu, hospitali ikijibu wameshachelewa.

Usipofika, na mwakilishi wako asifike, jaji anaweza kuitupa rufaa bila kuangalia ugonjwa wako hata ukurasa mmoja. Aghalabu hutangulia barua ya kukutaka ujieleze. Ijibu. Ugonjwa mzito au msiba wa karibu ni sababu inayoeleweka ukiambatanisha uthibitisho, "nilisahau" haieleweki. Rufaa ikishatupwa, una siku 60 za kuomba uamuzi huo uondolewe. Na ukidanganya kwa makusudi au kuficha jambo la msingi, SSA inaweza kukunyima malipo miezi 6 kwa kosa la kwanza, 12 kwa la pili, 24 kwa linalofuata, mbali na mashtaka ya jinai. Siandiki haya kumtisha mtu. Naandika kwa sababu kuna "washauri" wanaofundisha wagonjwa kuchechemea.

Fimbo, kwa mfano. Kuna anayeazima fimbo ya babu asubuhi ya kikao. Jaji atatafuta kwenye jalada ni daktari gani alieleza kwamba fimbo inahitajika, na kwa mazingira gani. Asipoiona, fimbo hiyo inakuwa mzigo wako.

Barua ya daktari inayosema "mgonjwa hawezi kufanya kazi" haimfungi jaji pia. Kwa maombi yaliyofunguliwa tangu Machi 27, 2017, kanuni zinasema wazi kwamba kauli ya namna hiyo peke yake haina uzito, kwa sababu kuamua nani hawezi kazi ni kazi ya SSA. Muombe daktari aandike kile anachokijua yeye: mgonjwa akae saa ngapi, anyanyue paundi ngapi, atakosa kazini siku ngapi kwa mwezi, na vipimo gani vinaonyesha hivyo. Karatasi moja ya aina hiyo inazidi barua kumi za huruma.

Hili la Kiingereza nalo nimechoka kulirudia. Zamani kutojua Kiingereza kulihesabiwa kama sehemu ya kiwango cha elimu. Tangu Aprili 27, 2020 hakuhesabiwi tena. Ila kutojua kusoma na kuandika kwa lugha yoyote bado kunaangaliwa, kwa hiyo usione haya kusema hukusoma. Wengi wanaona haya, wanasema walifika darasa la saba.

Mkalimani ni bure, SSA ndiyo inayomlipa. Mwombe mapema, na useme ni Kiswahili cha wapi. Kiswahili cha Lubumbashi na cha Unguja ni ndugu, lakini si pacha. Usimlete binti yako atafsiri. Mtoto hupunguza maumivu ya mama yake, au huongeza, na yapo mambo ya mwili ambayo mama hatayasema mbele yake. Usipomwelewa mkalimani, simamisha kikao hapo hapo. Ukikaa kimya, inachukuliwa kwamba umeelewa.

Kwenye kikao huenda kukawa na mtaalamu wa ajira, mara nyingi kwa simu. Jaji atamuuliza: mtu wa umri huu, aliyefanya kazi hizi, anayeweza kunyanyua paundi 20 mara chache na 10 mara nyingi, je, kuna kazi anazoweza? Atataja kazi. Msikasirike, hazungumzii wewe, anajibu swali aliloulizwa. Mwakilishi wako ndiye ataongeza: na kama mtu huyo lazima alale chali mara tatu katika zamu? Hapo ndipo zile dakika kumi za yule mama zingefanya kazi. Kazi zinazoangaliwa ni za miaka 5 iliyopita. Tangu Juni 2024 si miaka 15 tena. Andika kila moja nyumbani: ulibeba nini, kizito kiasi gani, ulisimama saa ngapi. "Nilikuwa ghala" haitoshi.

Mwakilishi halipwi mbele. Kwa mkataba wa kawaida anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma unayodai ukishinda, bila kuvuka kikomo kilichowekwa na SSA, na SSA ndiyo inayoidhinisha. Anayekudai fedha taslimu mezani kabla ya kikao ili "azungumze na jaji," toka ofisini kwake.

Uamuzi huja kwa posta. Ukikataliwa, siku 60 nyingine kwenda Baraza la Rufaa la SSA, na baada yake mahakama ya shirikisho. Ukihama katikati ya kusubiri, ipe SSA na ofisi ya jaji anwani mpya kwa maandishi. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi. Mwezi huu nimeshika majalada mawili ambayo barua zilirudi.