Sailensi ya gari la EFI la zamani: yanayosemwa gereji na yanayotokea kwenye injini

Corolla 110 au Starlet ikianza kupandisha na kushusha sailensi yenyewe (yaani mizunguko ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta), washauri hawakosekani. Fundi wa kwanza atasema plagi, wa pili atasema nozeli zinazopulizia petroli, wa tatu atataka umpe hela akakutafutie kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ya mtumba. Kila mmoja kuna siku anapatia. Ila ni wachache wanaoanza na swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya mengine yote: mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hewa inayoingia kwenye injini inapitia wapi?

“Sailensi inarekebishwa kwa skrubu”

Kwenye kabureta, sawa. Kwenye EFI, mfumo ambao petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta, kompyuta ndiyo inayopanga sailensi kwa kufungua na kufunga vali ndogo ya hewa iliyo kwenye throto bodi, mlango wa hewa wa injini. Injini nyingi za aina hii zikishapata moto hutakiwa kukaa kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika.

Skrubu inayoharibiwa zaidi ni ile inayozuia kibati cha throto, kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kisijifunge kabisa. Imepangwa kiwandani na si ya kuchezewa. Fundi akiikaza ili “kupandisha sailensi kidogo”, kibati kinabaki wazi kwa unywele, na swichi iliyo ndani ya sensa ya throto haigusi tena. Swichi hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba dereva ameachia mafuta. Isipogusa, kompyuta inadhani bado umekanyaga na inaacha kusimamia sailensi. Hata ule utaratibu wa kukata petroli unaposhuka mlima kwa gia haufanyi kazi, kwa hiyo gari linaanza kula mafuta. Mwenye gari anarudi na malalamiko mawili badala ya moja.

“Ikipanda na kushuka, ni nozeli chafu”

Hapa ndipo hela nyingi inapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nozeli chafu kwa kawaida hufanya injini imisi, itetemeke au ikose nguvu. Ule mchezo wa mshale wa mizunguko kupanda hadi 1,500, kudondoka, kisha kupanda tena, ukijirudia kwa mpangilio uleule, mara nyingi una sababu nyingine: kuna hewa ya ziada inayoingia.

Corolla zenye injini za 4A-FE na 5A-FE hazipimi hewa yenyewe. Zinapima mgandamizo ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, kwa sensa, kisha kompyuta inapiga hesabu ya petroli. Mpira wa hewa ukipasuka, hewa inaongezeka, mgandamizo unabadilika, kompyuta inaongeza petroli kuendana nao, na injini inapanda. Ikifika mizunguko fulani huku kibati kimefungwa, kompyuta inaona gari limeachiwa mafuta kwenye mteremko. Inakata petroli. Injini inadondoka, petroli inarudishwa, injini inapanda tena. Nozeli hazina kosa lolote hapo, zinatii amri tu.

Nissan Sunny yenye injini ya GA15DE ikipata tundu lilelile, dalili ni tofauti. Yenyewe inapima hewa kwa sensa ya waya wa moto iliyo kwenye njia ya hewa. Hewa inayoingilia baada ya sensa haihesabiwi, petroli inakuwa pungufu, na injini inatetemeka au kuzimika. Ndiyo maana ushauri uliomponya jirani mwenye Nissan unaweza usikufae kabisa wewe mwenye Toyota.

Kwa Corolla kuna kipimo kisichohitaji mashine. Injini ikiwa na moto na sailensi iko juu, fungua bomba la hewa linalotoka eya klina. Gari halitazima, kwa sababu halina kipima hewa pale. Chungulia mdomo wa throto bodi, utaona kitundu kabla ya kibati. Ndiko vali ya sailensi inakovutia hewa yake. Kizibe kwa kidole. Sailensi ikishuka au injini ikitaka kuzima, hewa nyingi inapita kwenye vali: ni chafu, imekwama wazi, au kompyuta ndiyo inayoifungua. Isipobadilika kitu, hewa inaingilia kwingine. Anza na ile hosi nene ya busta ya breki. Ibane kwa koleo lililofungwa kitambaa na usikilize mlio. Halafu nenda kwenye mipira midogo mmoja mmoja, umalizie na gasketi ya manifoldi, ukiirushia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia huku distributa, inayogawa umeme wa plagi, umeikwepa. Wapo wanaopulizia petroli kwenye injini yenye moto ili wasikie tofauti. Mimi siwezi kusimama karibu yao.

“Nchi yetu ya joto, thamosteti ya nini?”

Gereji ngapi zimeitoa na kuitupa! Ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Thamosteti ya kawaida ya Toyota huanza kufunguka maji yakiwa karibu nyuzi joto 82. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote na injini inachelewa kupata moto, au haifikii kabisa ukiwa unatembea barabara kuu. Kompyuta inaona maji ya baridi, inaongeza petroli na kupandisha sailensi, kama inavyofanya alfajiri. Dar es Salaam huenda usigundue haraka. Njombe mwezi wa Julai utagundua.

Maji yakipungua kwenye rejeta matokeo yanafanana. Sensa ya joto ikikaa kwenye mfuko wa hewa badala ya maji, inatoa taarifa ya uongo. Na kuna injini za zamani, kama 22R-E ya Hilux, zenye vali ya hewa inayofungwa na nta inayopashwa joto na maji ya rejeta. Maji yasipoifikia haifungi, na sailensi inabaki juu. Jaza maji, toa hewa, ndipo uzungumzie spea.

“Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo sensa zote nzima”

Kwenye magari haya, taa huwaka hasa pale waya unapokatika au kugusana. Sensa inayodanganya kwa adabu haiwashi kitu. Sensa ya joto la maji ya Toyota husoma oumu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikisoma 1,100 maji yakiwa yamechemka, kompyuta inaamini yako nyuzi 40 hivi. Hilo si kosa kwa mujibu wa kompyuta, ni asubuhi tu.

Kuisoma kompyuta hakuhitaji mashine ya gharama. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990 zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 sensa ya mgandamizo, 41 sensa ya throto.

“Geji ya vakyumu ikisoma chini, injini imekufa”

Geji hii inapima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Injini nzima usawa wa bahari husoma takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Ila kila ukipanda futi 1,000, usomaji hushuka karibu inchi moja. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo injini iliyosoma 19 Mombasa itasoma kama 13 au 14 ikifika kule, na haina ugonjwa wowote.

“Inatetemeka, badilisha mauntini”

Mauntini, raba inayoshikilia injini, ikichoka inapeleka mtetemo kwenye bodi. Haiwezi kuusogeza mshale wa mizunguko. Mshale ukiwa umetulia na usukani unatetemeka, sawa, kagua mauntini. Mshale ukicheza, tafuta silinda isiyofanya kazi. Wengi huchomoa waya za plagi injini ikiwaka, wakapigwa shoti na kuihatarisha igniti, kifaa kinachoendesha cheche za plagi. Chomoa soketi za nozeli, moja baada ya nyingine. Kila unapochomoa, injini inatakiwa kushuka. Silinda isiyoleta tofauti ndiyo hiyo: hamishia plagi yake kwa jirani, kisha waya wake, na tatizo lisipohama pima kompresheni kabla hujanunua nozeli.