Sauti ya bwalo la shule: anza na kuta, spika zije mwisho

Mabwalo mengi ya sekondari hapa Tabora yamejengwa kwa mtindo mmoja: kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, na jukwaa la zege upande mmoja. Mchana wanafunzi wanakula humo, jioni kuna mdahalo au mpira wa wavu, na ikifika siku ya mahafali wazazi wanajaa hadi mlangoni. Shule ikiamua kununua vyombo, maombi karibu kila mara yanaanza na wati: "Tunahitaji spika za wati elfu mbili." Mkuu wa shule, nakuomba sana uziweke wati pembeni kwanza. Bwalo halikosi nguvu ya sauti. Kinacholiharibu ni mwangwi, na ukiongeza sauti mwangwi nao unapanda kwa kiasi kilekile.

Tuchukue bwalo la mita 30 kwa 15, kimo cha wastani mita 6. Ujazo wake ni mita za ujazo 2,700. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Marekani, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa chumba. Plasta na saruji hufyonza asilimia 2 au 3 tu ya sauti inayogonga, bati kidogo zaidi. Dirisha lililo wazi linahesabiwa kuwa limefyonza yote, kwa sababu sauti ikishatoka hairudi. Bwalo letu likiwa tupu, na mita za mraba 20 za madirisha zikiwa wazi, ninapata ufyonzaji wa kama mita za mraba 68. Fanya hesabu: sekunde 6.4. Yaani neno likishatamkwa, mabaki yake yanazunguka humo ndani kwa zaidi ya sekunde sita kabla ya kufa kabisa.

Waingie wanafunzi 500. Mwili na nguo za kila mmoja hufyonza kama mita ya mraba 0.4, kwa hiyo tunaongeza 200 na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.6. Ndiyo maana mitambo iliyojaribiwa bwalo likiwa tupu huonekana mibovu, na ileile ikasikika vizuri siku ya mahafali. Tatizo linabaki kwenye vikao vya katikati, vyenye watu 100 au 200. Kwa hotuba ninalenga sekunde 1.0 hadi 1.3.

Kiswahili kina shida yake hapa. Silabi zetu nyingi zinaishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu nyingi ya sauti. Konsonanti ni fupi na nyepesi. Kwenye bwalo lenye mwangwi, mkia wa irabu iliyotangulia unaifunika konsonanti inayofuata, na msikilizaji anabaki na "ua, ua, ua". Sasa tazama maneno haya: pua, dua, jua, tua, fua, vua, chua, kua. Yanatofautishwa na sauti ya mwanzo peke yake. Kipimo ninachokiamini kuliko mashine ya bei mbaya ni hiki: andika maneno 20 ya namna hiyo, ongeza kundi la paka, taka, kaka, saka, shaka, waka. Mtu asimame jukwaani asome kila neno ndani ya sentensi, "Sasa andika neno jua hapo chini," ili mwangwi wa maneno ya kabla uwepo. Wanafunzi watatu wakae mbele, katikati na benchi la mwisho, kila mmoja na karatasi yake. Anayepata 18 au zaidi anasikia vizuri. Akipata chini ya 15, hapo alipokaa hotuba haimfikii, hata kama masikio yanamuuma kwa ukubwa wa sauti. Pima kabla ya kununua chochote, pima tena kazi ikiisha, na hifadhi karatasi hizo.

Fedha ya kwanza iende ukutani

Vibao vya kufyonza sauti vinatengenezwa na fundi seremala yeyote. Fremu ya mbao ya futi 4 kwa 2, kina cha sentimita 10, ijazwe sufi ya mawe (ile inayouzwa kwa kuzuia joto), ifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa. Jaribu kitambaa kwa mdomo: ukipuliza na pumzi ikapita, kinafaa. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya kibao na ukuta, hapo kitafyonza hadi sauti nzito kidogo. Usitumie sponji ya godoro. Inashika moto haraka sana na moshi wake ni sumu, na bwalo ni mahali pa mamia ya watoto penye milango miwili au mitatu tu. Trei za mayai pia ziache. Zinavunjavunja sauti nyembamba kidogo, ufyonzaji wake ni hafifu, na panya wanazipenda.

Vibao vianze na ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, kwa sababu sauti inayogonga pale inarudi kwa msemaji ikiwa imechelewa, inamkwaza, na inarudi kwenye maiki pia. Vingine viende kuta za pembeni, kuanzia mita 2 kwenda juu ili mipira na mabega visivifikie. Mita za mraba 60 za vibao pamoja na pazia zito la jukwaani (kitambaa kiwe na upana mara mbili ya nafasi yake ili kijikunje) zinaongeza ufyonzaji wa karibu 68. Bwalo tupu linashuka kutoka sekunde 6.4 hadi 3.2, na lililojaa hadi 1.3. Hakuna spika ya kununua itakayofanya hivyo.

Bati bila dari ni habari nyingine. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya Tabora ikipiga bati, kelele yake inamshinda msemaji na mitambo yake. Dari ya bodi inapunguza sana kelele hiyo na mwangwi kwa pamoja. Kama dari haiwezekani mwaka huu, ratiba iseme wazi kwamba mvua kubwa ikianza, hotuba inasimama. Kupandisha sauti kupambana na mvua ndiko kunakounguza spika.

Spika ngapi, wapi, zikitazama nini

Kwa bwalo hili ninachagua spika za nguzo, zile ndefu nyembamba zenye spika ndogo nyingi zilizopangwa wima. Zinasambaza sauti kwa upana na kuibana juu na chini, hivyo sauti inaenda kwenye masikio badala ya bati. Mbili ziwe mbele, kila upande wa jukwaa, ukutani, na muhimu: mbele ya mstari wanaposimama wasemaji, angalau mita 1.5. Spika ikiwa nyuma ya maiki, hakuna fundi atakayezuia mluzi, ule mlio mkali unaotokea maiki inaposikia tena sauti yake kutoka kwenye spika. Kitako cha spika kiwe mita 2.5 kutoka sakafuni, katikati yake kama mita 3.2, na iinamishwe nyuzi 8 hivi, itazame masikio ya waliokaa mita 14 mbele.

Nyingine mbili zifungwe kuta za pembeni mita 15 baada ya zile za mbele, zikitazama nyuma. Sababu ni umbali. Kila bwalo lina umbali fulani ambapo sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye spika na mwangwi vinakuwa sawa. Kwa spika nzuri humu ni kama mita 7 bwalo likijaa, na chini ya mita 4 likiwa tupu bila vibao. Ukishavuka mara tatu ya umbali huo, maneno yanapotea. Benchi la mwisho liko mita 25 na zaidi, kwa hiyo linahitaji spika yake ya karibu.

Spika hizo za pili lazima zicheleweshwe. Hewa ikiwa nyuzi 25, sauti inasafiri mita 346 kwa sekunde, hivyo mita 15 zinachukua milisekunde 43. Mimi naongeza 12, inakuwa 55. Hizo za nyongeza zina kazi: sikio linaamini kwamba sauti inatoka kule ilikoanza kusikika, kwa hiyo mzazi aliyekaa nyuma anamwona mgeni rasmi jukwaani na anasikia kama sauti inatoka palepale. Bila kuchelewesha, atasikia kila neno mara mbili. Kifaa kidogo cha kuchelewesha kinatosha, na amplifaya nyingi za sasa zinacho ndani.

Na wati? Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Spika inayotoa desibeli 95 kwa wati 1 ukiwa mita 1, ukiipa wati 100, itatoa desibeli 92 kwa mtu aliye mita 14, hata usipohesabu mwangwi. Minong'ono ya wanafunzi iko chini sana ya hapo. Nafasi ipo tele. Ukienda wati 1,000 unapata desibeli 10 tu zaidi, na umelipa fedha ambayo ingenunua vibao. Spika nne za wati 200 kila moja, omu 8, na amplifaya mbili za chaneli mbili, wati 300 kwa kila chaneli, zinatosha kabisa. Sabufa moja ya inchi 15 inunuliwe kwa ajili ya muziki, iwe na swichi yake, na wakati wa hotuba izimwe.

Kuning'iniza: boliti ya milimita 10 ipite ukuta mzima na iwe na bamba la chuma upande wa pili. Plagi za plastiki ukutani hazifai kwa spika ya kilo 15 juu ya vichwa vya watoto. Kila spika iwe na mnyororo wa pili wa usalama unaoweza kubeba mara tano ya uzito wake. Usifunge kwenye kenchi za mbao kabla ya kuzigonga na kuhakikisha mchwa hawajaingia. Kama bwalo linachezewa mpira, weka kizuizi cha wavu wa chuma mbele ya spika.

Maiki

Nne za mkono za waya zinatosha, zile za kusikia mbele na kukataa nyuma. Mfundishe mwanafunzi jambo moja la mkono: asikumbatie kichwa cha maiki. Vidole vikifunika wavu, matundu ya nyuma yanazibwa, maiki inaanza kusikia pande zote, na mluzi unakuja papo hapo. Ashike katikati ya mpini, mdomo uwe sentimita 5 hadi 10. Kutoka sentimita 30 kuja 15 anapata desibeli 6 za bure, bila kugusa mitambo.

Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 za usalama kabla ya mluzi. Maiki nne wazi badala ya moja ni desibeli 6 zimekwenda. Kwa hiyo anayekaa kwenye mikisa (kifaa kinachochanganya sauti za maiki zote) kazi yake kubwa ni kuzima zisizotumika.

Kwaya ya watu 24 haihitaji maiki nane. Mbili nyepesi za kondensa, zinazotumia volti 48 kutoka kwenye mikisa, ziwe mita 1 mbele ya mstari wa kwanza na juu kidogo ya vichwa, zikiachana mita 3. Kanuni ni hiyo: umbali kati ya maiki uwe mara tatu ya umbali wa kila maiki na waimbaji, vinginevyo sauti zinakatana na kwaya inasikika kama iko ndani ya bomba.

Maiki zisizo na waya, moja au mbili, zisiwe za masafa ya megahezi 694 hadi 790. Masafa hayo yamehamia kwenye simu, na maiki za zamani za masafa hayo bado zinauzwa kwa bei rahisi.

Waya na umeme

Waya wa maiki uwe wa XLR, ule wa plagi ya duara yenye pini tatu, mwanzo hadi mwisho. Pini 1 ni skrini, 2 na 3 zinabeba sauti ileile kwa kupingana, ndiyo maana mita 40 hazileti uvumi (mngurumo wa umeme). Waya wa jeki wa kawaida usizidi mita 5. Waya wa spika uwe wa milimita za mraba 2.5: kwa mita 30 unapoteza karibu asilimia 5 ya nguvu, wakati wa milimita ya mraba 1 unapoteza zaidi ya asilimia 11. Zote zipite ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu ya panya, na waya za maiki zisilale sambamba na za umeme. Zikikutana, zikatane kwa pembe mraba.

Vuta laini ya umeme ya peke yake kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 20, isichangie na jokofu la jikoni wala pampu ya maji. Stebilaiza ya kVA 3 ibebe mitambo yote. Ukisikia uvumi mzito usioisha, mara nyingi vifaa viwili vimeungwa eathi mahali pawili tofauti. Peleka vyote kwenye soketi moja, au weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya eathi. Uvumi utaisha kweli, lakini hitilafu moja ndani ya amplifaya itampelekea aliyeshika maiki volti 230 mkononi. Radi ikianza kunguruma, plagi zichomolewe.

Kurekebisha mluzi kufanyike na maiki mahali pake jukwaani. Pandisha taratibu hadi itoe mluzi, tafuta masafa yake kwenye ikwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha kila masafa peke yake), shusha desibeli 3 hadi 6, rudia. Ukishakata masafa manne au matano, acha. Ukiendelea unaondoa sauti ya mtu yenyewe. Kata pia yote yaliyo chini ya hezi 100 kwenye maiki za hotuba, maana humo ndimo mwangwi unakodumu zaidi. Kisha shusha desibeli 6 kutoka pale mluzi unapoanzia, na bandika utepe mweupe kando ya vitufe vya mikisa uchore alama ya kalamu. Kwenye mlango wa kabati la mitambo bandika karatasi ya mistari miwili, kwa herufi kubwa. Kuwasha: stebilaiza, mikisa, kisha amplifaya. Kuzima: amplifaya, mikisa, kisha stebilaiza. Wakati wa kiangazi, vumbi likizidi, fungua chujio la feni za amplifaya kila mwezi, ulikung'ute nje ya bwalo.