Kiwanda hujifunza vipi? Tuanze na mota iliyoungua

Kazi yangu ni kuzunguka viwandani hapa Mombasa, Changamwe, Shimanzi mpaka Miritini kule, nasaidia mafundi kupanga matengenezo ya mitambo, na mabosi huniuliza sana, tununue mashine gani ndo tuweze kushindana? Mi huwarudishia swali: hiyo mliyonayo ikizima usiku, nani hapa anajua imezimia nini? Mara nyingi anapigiwa simu mtu wa kampuni iliyouza, anakuja na kompyuta yake, anabonyezabonyeza anaenda zake, na fundi wetu muda wote kasimama pembeni ameshika tochi. Pesa imelipwa, kiwanda hakijajifunza kitu.

Angalieni Hyundai ya Korea Kusini. Kampuni yao ya magari ilianzishwa 1967 na kazi yake ya kwanza ikawa kuunganisha gari ya Ford Cortina, vipuri vinakuja wao wanafunga, kazi ile ile inayofanywa Miritini. Ila hawakukaa hapo. Miaka ya 70 walimwajiri George Turnbull, aliyekuwa bosi kwenye kampuni ya magari ya Uingereza, British Leyland, injini wakachukua kwa Mitsubishi ya Japani, na gari yao ya Pony ilipochorwa na Giugiaro, mchoraji wa magari, kule Turin, Italia, wakatuma mainjinia wao wakakae huko huko na wachoraji, mchana wanatazama jioni wanaandika kila kitu daftarini. Daftari lile nalipenda kuliko gari lenyewe manake ndo lililorudi nyumbani na ujuzi. Alafu miaka ya 80 wakaanza kuunda injini yao, wakisaidiwa na Ricardo, kampuni ya injini ya Uingereza, za majaribio zikawa zinawavunjikia, wanafungua wanatafuta sababu, mpaka 1991 injini yao wenyewe, Alpha, ikatoka.

Watafiti Cohen na Levinthal waliliandika hili 1990: kampuni hunufaika na maarifa ya nje kulingana na kile inachokijua tayari ndani.

Kwa hivo mtaalamu wa nje akija, mkataba useme fundi wenu ndo atashika spana na mgeni aelekeze. Na jamani, mota ikiungua msikimbilie kuiuza chuma chakavu! Ifunguliwe kwanza, mjue ni beringi ama ni chumvi ya hewa yetu ya pwani imekula waya, muandike, manake fundi aliyeona hivo mara kadhaa ndo atakuja kuwaambia kifuniko kibadilishwe na mota ihamishwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, na huo tayari ni uvumbuzi.