Je, wajua? Difu mbili za lori moja zaweza kuwa na gia tofauti kwa wakati mmoja

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ile swichi ya nafasi tatu kwenye mkono wa gia wa malori ya zamani ilikuwa ya giaboksi. Fundi mmoja wa Nakuru alinicheka: swichi ni ya difu za nyuma, yaani zile gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi. Nafasi moja zote nzito (nguvu nyingi, mwendo mdogo), nyingine zote nyepesi (mwendo mkubwa, nguvu kidogo), na ya katikati moja nzito, moja nyepesi.

Nikambishia. Si tairi zitavutana zimalizike kabla ya kufika Timboroa?

Hapana. Tairi zote ziko kwenye lami ile ile, zinazunguka sawa. Kinachotofautiana ni kasi ya shafti inayoingia kila difu. Tuseme difu nzito inadai mizunguko 8 ya shafti kwa mzunguko mmoja wa tairi, na nyepesi 6. Kabla ya nguvu kuzifikia, kuna difu ya tatu, ndogo, inayozigawia. Fikiria watu wawili wamebeba gunia lililoning'inia katikati ya mti: mmoja akisogea hatua 8 na mwenzake 6, gunia limesogea 7. Injini inaona hiyo 7. Gia ya tatu imepatikana, na hakuna aliyeitengenezea hata jino moja.

Ubishi wangu haukuwa wa bure kabisa, lakini. Ukifunga loki ya difu ndogo ukiwa nafasi ya katikati, shafti mbili zinalazimishwa kwenda sawa, na hapo tairi huvutana kweli. Hata bila loki, difu hiyo ambayo kwa kawaida hutulia barabara ikinyooka, sasa haipumziki. Oili ikipungua, yenyewe ndiyo inayolia kwanza.

Na huo uzito wa difu unatoka wapi? Weka ubao juu ya magogo ya mviringo uusukume: magogo husogea polepole kuliko ubao. Krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, ndiyo ubao, gia ndogo ndani yake ndizo magogo, na gia ya katikati iliyozuiwa isizunguke ndiyo ardhi. Tairi hufuata magogo. Ukiyafunga magogo na ubao viende pamoja, difu imekuwa nyepesi.

Haya yalikuwa na maana giaboksi zikiwa na gia 4 au 5. Zilipokuja za gia 10 na zaidi, swichi ikapungua kazi. Wala si kila lori la difu mbili lilikuwa na nafasi tatu. Kuna ambazo difu zote zilibadilika pamoja, na huko wabebaji wa gunia hawakuwahi kupishana hatua.