Mbwa wa kazi afundishwe pia kubaki bila mwenyewe

Mbwa anayemwongoza kipofu hajazoea kuachwa. Anamfuata mwenyewe sokoni, kanisani, hadi mlangoni mwa choo, na ndiyo kazi yake. Sisi wa idara ya mifugo hapa Goma huletewa mbwa kama huyo pale mwenyewe anapolazwa hospitali, na mara nyingi tunakuta amefundishwa kila kitu isipokuwa kukaa peke yake.

Namkumbuka mmoja kutoka kartie (mtaa) ya Katindo. Mwenyewe, papa mmoja, alikwenda kupasuliwa. Nyumba ni ya mbao, kama nyingi zilizojengwa hapa juu ya mawe ya volkano. Kwa siku tatu mbwa alikwangua ubao wa chini wa mlango mpaka ukatoboka, tundu la kupitisha ngumi. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka, kifua kimelowa udenda. Bugali na samaki wadogo wa sambaza walikauka kwenye sahani. Mama wa nyumbani alisema ni ukaidi, ameshamchapa. Hapana, mama. Ule ni woga, na fimbo inauongeza.

Kuachana kunafundishwa polepole, mwenyewe akiwa bado mzima. Toka nje dakika mbili, rudi. Kesho tano, halafu kumi, halafu nusu saa. Usiage kwa maneno mengi, wala usirudi kwa shangwe. Siku nyingine shika ufunguo na fimbo yako nyeupe, kisha kaa tena kitini, ili mlio wa ufunguo usimtie hofu. Akianza kulia, ujue umekwenda haraka. Rudi kwenye muda aliouweza.

Muachie pia shati ulilolivaa, lisilofuliwa. Mwaka 2015 Gregory Berns na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya mbwa 12 waliozoezwa kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliponusishwa harufu mbalimbali, sehemu ya ubongo inayongojea jambo jema iliitikia zaidi harufu ya mtu wanayemjua, hata kama hayupo. Pua ya mbwa ni kitu kikubwa. Kikosi cha mbwa cha Hifadhi ya Virunga, kilichoanzishwa 2011, kinaitumia kufuata nyayo za majangili.

Atakayebaki naye awe mtu mmoja, si kila jirani. Aanze kumlisha wiki kadhaa kabla, na ajue maneno yaleyale. Hapa kwetu wengi huwaamuru mbwa kwa Kifaransa. Ukimwambia «keti» mbwa aliyezoea «assis», atakutazama tu. Mkanda wa kazi usivalishwe na mtu mwingine. Ukivuliwa, mbwa anajua amepumzika, na aachwe apumzike, acheze, atembezwe asubuhi na jioni. Asifungwe mnyororo kutwa.

Neno kwa mwenyewe sasa. Najua kumuacha kunauma, na kwa asiyeona ni kama kuacha macho nyumbani. Kwa hiyo usiitupe fimbo nyeupe. Itumie mara kwa mara mkono usije ukaisahau, kwa sababu mbwa naye huugua, na akizeeka atastaafu. Tena hapa Goma kuachana kunaweza kuja bila taarifa: usiku wa 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbia na kile kilichokuwa mkononi. Mbwa aliyekwisha kumzoea mtu wa pili ana wa kumfuata.

Mtu huyo wa pili apewe kijitabu cha chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo iwe haijapita muda wake. Mbwa mwenye hofu anaweza kuuma hata anayemjua. Akiuma, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, halafu aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ngozi imechubuka kidogo tu. Na mbwa akikataa chakula siku nzima, au akijing'ata miguu, msingoje mwenyewe arudi. Mleteni kwetu.