Mashine ya kuoshea vyombo inavuja? Uliza kwanza inavuja wakati gani

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za nyumbani, na katika simu ninazopigiwa, za mashine ya vyombo inayovuja ndizo zinazonisikitisha zaidi. Mara nyingi mwenye mashine ameshatumia pesa kabla hajajua tatizo liko wapi. Ameona maji chini ya mlango, akanunua mpira mpya wa mlango, akauvalisha, na baada ya kuosha mara ya kwanza sakafu imelowa vilevile.

Maji hayaanguki pale yanapovuja. Yanaweza kutoka kwenye kiungo kilicho nyuma, yakafuata waya, yakateleza kwenye ukingo wa bati, kisha yakatokezea mbele kwa sababu tu sakafu imeinama upande huo. Kwa hiyo mahali dimbwi lilipo hapakuambii mengi. Mimi huanza na mambo mawili: wakati maji yanapoanza kuonekana, na maji yenyewe ni ya namna gani.

Mashine hii hufanya kazi kwa hatua. Inaingiza maji, inayapasha moto na kuyarusha juu ya vyombo, inayatoa, kisha inaanza upya kwa kusuuza. Kila hatua ina vifaa vyake. Maji yakitokea katika dakika chache za mwanzo, kabla hujasikia mvumo wa kuosha, angalia upande wa kuingiza maji. Yakitokea katikati, wakati mikono ya kunyunyizia maji inazunguka ndani, angalia mlango, pampu ya kuoshea na viungo vyake. Yakitokea kila mara pampu ya kutoa maji inaponguruma, ni mpira wa maji machafu au kiungo chake. Na kama sakafu inalowa wakati mashine imezimwa kabisa, kuna kitu kinachopitisha maji bila kuamriwa.

Kisha gusa maji yenyewe. Yakiwa baridi, safi na hayatelezi vidoleni, hayajapita kwenye sabuni, yaani yanatoka bombani moja kwa moja. Yakiwa ya moto au yanateleza, yametoka ndani wakati wa kuosha. Yakiwa na mafuta, makombo na harufu, ni maji yaliyokuwa yanaelekea kwenye sinki. Nimeona mafundi wakifungua mashine nzima kutafuta jibu ambalo kidole kingewapa.

Kabla hujaweka mkono ndani, chomoa plagi. Kama mashine imeungwa ukutani bila plagi, zima swichi yake kwenye kisanduku kikuu na uhakikishe kweli haina umeme. Funga koki ya maji. Vaa glavu, maana kingo za bati huku chini hukata kama wembe. Mota za pampu za aina fulani pia zina kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo usiguse ncha zake. Na kama swichi ya usalama ya nyumba, ile inayokata umeme ukianza kuvujia ardhini, inajizima kila unapowasha mashine, maji yameshafika penye umeme. Swichi hizo nyingi huwekwa zikate kwenye miliampia 30 kwa sababu kiasi kikubwa zaidi kinaweza kuua. Usiirudishe ukajaribu tena. Hapo mwite fundi.

Vifaa vya kutafutia ni vichache: kurunzi, bisibisi, koleo, pimamaji na karatasi za jikoni. Ondoa bamba la chini ya mlango, ambalo kwa kawaida limeshikwa na skrubu chache. Kausha kila kitu unachokiona, kisha tandaza karatasi kavu chini ya viungo: moja chini ya valvu ya kuingizia maji, moja chini ya pampu, nyingine kwenye kila pembe ya mbele. Washa mashine bila vyombo, keti chini na kurunzi yako, usiweke mkono ndani, utazame tu. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo yenye habari. Ile itakayolowa zaidi huenda iko tu mahali pa chini.

Sasa mlango, kwa sababu ndio unaolaumiwa kuliko vyote. Wengi hudhani mpira wa mlango huzuia maji yaliyojaa ndani. Sivyo. Mashine nyingi za kisasa hutumia kati ya lita 9 na 15 kwa programu nzima, tena kwa mafungu, kwa hiyo wakati wowote ndani kuna lita chache tu, zimekaa chini kuzunguka chujio. Maji yakitulia hayafiki kwenye ukingo wa mlango. Josephine Cochrane alipopata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1886, jambo kubwa lilikuwa kuosha kwa nguvu ya maji yanayorushwa badala ya kusugua kwa brashi, na mashine zetu bado zinafanya hivyohivyo. Mpira wa mlango umewekwa kuzuia matone yanayoruka na mvuke. Kwa hiyo ukiona maji yanatoka mlangoni, usiulize tu kama mpira umechakaa. Uliza kwa nini maji yanafika pale.

Sababu ya kwanza ninayoitafuta ni povu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, hata kidogo tu, hutengeneza povu linalojaa ndani na kutoka kupitia uwazi ulioachwa chini ya mlango. Kimiminika cha kusuuzia kikimwagika ndani wakati wa kujaza, nacho hutoa povu, hivyo kifute kwa kitambaa chenye maji. Povu likishajaa, usiendelee kuosha. Toa vyombo, mwagia maji baridi, endesha hatua ya kutoa maji, na urudie mpaka ndani pawe safi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Ya pili ni mikono ya kunyunyizia. Huundwa kwa vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa, na kwa miaka mingi ya joto mshono wake hufunguka. Ufa mdogo pembeni mwa mkono wa chini hutupa mkondo wa maji moja kwa moja kwenye uwazi wa mlango. Uchomoe, ushike kwenye mwanga, ubinye taratibu: mshono ukifunguka, umeona mwizi wako. Tazama pia namna vyombo vinavyopangwa. Sinia au ubao wa kukatia uliosimamishwa mbele kabisa kwenye rafu ya chini unaweza kurudisha maji kwa nguvu kuelekea mlangoni. Ukiwa na mashine inayovuja siku fulani na siku nyingine haivuji, anza hapa. Mpira uliochakaa hauchagui siku.

Ya tatu ni mashine kukaa upande. Weka pimamaji ndani ya mashine, kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Ikiinamia mbele, maji husogea kwenye mlango. Miguu ya mbele huzungushwa kwa mkono au spana. Ya nyuma, kwenye mashine zilizojengewa kabatini, mara nyingi hurekebishwa kwa skrubu iliyo mbele chini. Ukimaliza, hakikisha mlango unafungika bila kusugua pembeni.

Baada ya hayo yote ndipo ufike kwenye mpira wenyewe. Kwa kawaida ni miwili. Mmoja unazunguka pande na juu ya mlango, mwingine uko kwenye ukingo wa chini, nao husahauliwa kwa sababu hauonekani mpaka uiname. Anza kwa kusafisha. Pembe za chini hazifikiwi vizuri na maji ya kuosha, kwa hiyo mafuta na makombo hugandamana pale na kuuinua mpira kidogo, na uwazi huo mdogo unatosha. Tumia mswaki na maji ya moto. Kisha upapase wote: penye ugumu, mpasuko au pamebonyea bila kurudi, pamekufa. Mpira mpya uloweke kwanza kwenye maji ya moto ili mikunjo ya kifurushi ifunguke, anza kuuvalisha katikati ya juu, na ushuke pande zote mbili bila kuuvuta. Usiukate hata ukionekana mrefu. Usiutie gundi. Siku za kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga, hilo ni la kawaida.

Kuna maji ambayo watu huyaita mvujo na siyo: mvuke unaoganda chini ya meza ya jikoni na kudondoka mbele ya mlango. Hutokea mwishoni mwa programu, ni matone machache, na dawa yake ni kusubiri kidogo kabla ya kufungua mlango.

Upande wa maji yanayoingia, kiungo cha kwanza ni pale mpira unaoleta maji unapokutana na koki. Ndani ya nati kuna washa ya mpira, nayo hukauka na kusinyaa. Badilisha washa, kaza kwa mkono, ongeza kidogo tu kwa koleo. Kukaza kupita kiasi hupasua nati ya plastiki. Kisha fuata mpira wote mpaka kwenye mashine ukitafuta mahali umebanwa na ukuta.

Valvu ya kuingizia maji ina tatizo lake la pekee. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiwambo chake cha mpira, valvu haifungi vizuri na maji huendelea kupenya hata mashine ikiwa imezimwa. Ndani hujaa polepole usiku, na siku moja hufurika. Kipimo chake ni rahisi: kausha ndani, funga koki, acha usiku kucha. Usiku unaofuata fanya hivyo koki ikiwa wazi na mashine imezimwa. Maji safi yakionekana usiku wa pili tu, valvu haifungi, ibadilishe. Lakini kama maji unayoyakuta ndani ni machafu, usiguse valvu: sinki ndilo linalorudisha maji kupitia mpira wa kutolea. Mpira huo unapaswa kupandishwa juu kadiri iwezekanavyo chini ya meza ya sinki kabla ya kushuka kwenye bomba la maji machafu, na ukilala chini moja kwa moja, maji hurudi.

Usishangae, hata hivyo, ukikuta maji kidogo kwenye shimo la chujio. Yameachwa pale makusudi, na huzuia sili za pampu, yaani vizibo vinavyozuia maji yasipenye kwenye mota, zisikauke. Ndiyo maana mashine iliyokaa miezi bila kutumika huweza kuvuja inapowashwa tena. Mimina maji kidogo ndani, kwenye shimo la chujio, acha sili zilowe, kisha jaribu programu fupi. Nyingine hupona. Nyingine sili imeshapasuka.

Sili ya pampu ya kuoshea ikivuja huacha ushahidi: mstari mweupe wa chokaa kutoka kwenye shingo ya mota kwenda chini, hata kama kwa sasa pamekauka. Penye kutu na chokaa chini ya mota, maji yamekuwa yakidondoka kwa muda mrefu. Baadhi ya pampu huuzwa na sili peke yake, nyingine ni lazima ubadilishe pampu nzima. Ukipata sili, usiuguse uso wake laini kwa vidole vyenye mafuta, na safisha kabisa mahali inapokaa.

Jambo moja hapa nalisema kwa uzito. Mashine nyingi zina trei chini yenye boya linaloinuka maji yakijikusanya, na boya hilo huisimamisha mashine na kuendesha pampu ya kutoa maji bila kukoma. Ushauri unaozunguka sana ni kuiinamisha mashine, kumwaga maji ya trei, na kuendelea kuosha. Mashine itafanya kazi, ndiyo, mpaka trei ijae tena. Umenyamazisha kengele tu. Kausha trei kwa sifongo, sawa, lakini fanya hivyo ili uanze kutafuta, na uone upande gani wa trei unaolowa kwanza.

Na silikoni. Usiipake kwenye kiungo chochote cha mashine hii. Joto na sabuni kali huibandua, na atakayekuja kutengeneza kwa haki atatumia muda mrefu kuikwangua. Penye klipu ya kubana mpira iliyolegea, weka klipu mpya. Penye mpira uliopasuka, weka mpira mpya. Kama kutu imetoboa sehemu ya chini ya ndani, nitakuambia ukweli: mashine hiyo imefika mwisho, na hakuna kiraka ninachoweza kukudhaminia.

Ukishabadilisha ulichobadilisha, usirudishe bamba la chini siku hiyo. Tandaza karatasi kavu upya, endesha programu ya moto zaidi uliyo nayo, kisha nyingine ya kawaida ukiwa umepakia vyombo. Plastiki na mpira hutanuka kwa joto na kurudi vinapopoa, kwa hiyo klipu iliyoshika vizuri baridi inaweza kulegea kidogo. Zima, chomoa plagi, kagua kila kiungo ulichokigusa kwa mkono, kaza kilicholegea. Karatasi zikibaki kavu katika programu zote mbili, funga bamba.

Kama bado zinalowa na hujaona chanzo, mwite fundi, na umwambie ni hatua gani ya programu maji hutokea, yana joto gani, ni safi au machafu, na karatasi ipi ililowa kwanza.